Oksijeni Ipo, Seli Haipumui: Elektroni na Sumu ya Muhogo



Septemba 2017, wilayani Kasese, katika magharibi hii hii yetu ya Uganda, watu 98 waliugua baada ya kula ugali wa muhogo, wawili wakafariki. Unga ulipopimwa ulikutwa na sayanidi wastani wa miligramu 88 kwa kilo. Kiwango salama ni 10. Kwa sisi wa Kakiika, na ndugu zetu wa Nakivale wanaokula bugali la muhogo, somo hili si la mtihani tu.

Kumbuka msingi: kupoteza elektroni ni oksidesheni, kuipokea ni riduksheni. Moja haifanyiki bila nyingine. Glukosi ikivunjwa, elektroni zake huchukuliwa na NAD⁺, ikawa NADH. Ndani ya mitokondria, NADH huzikabidhi kwenye mnyororo wa protini, na nishati inayotoka hutengeneza ATP. Mpokeaji wa mwisho ni oksijeni: molekuli moja hupokea elektroni nne na protoni nne, yakapatikana maji.

Anayeikabidhi oksijeni elektroni hizo ni kimeng'enya saitokromu oksidesi. Sayanidi hushika chuma chake (Fe³⁺), na elektroni hazivuki tena. Msongamano hurudi nyuma: NADH haipati pa kushusha mzigo, NAD⁺ inaisha. Seli hubaki na ATP 2 kwa kila glukosi badala ya takriban 30, na asidi laktiki hujaa. Mgonjwa anavuta hewa, lakini seli haiwezi kuitumia.

Hospitalini, haidroksokobalamini huinasa sayanidi kwa kobalti yake, ikawa aina ya vitamini B12 inayotoka kwa mkojo.

Nyumbani, kinga ni subira. Muhogo mchungu uloweke siku tatu au zaidi, umwage maji, uuanike vizuri. Unga pia waweza kuloweshwa, ukatandazwa mwembamba juani saa mbili au kivulini saa tano, kisha ukasongwa siku hiyo hiyo. Njia hii hupunguza sumu sana, ila haiondoi yote. Haitoshi kwa muhogo mchungu usiolowekwa.

Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sharia. Ukirudi likizo, mweleze mama na jirani.

Swali la kujipima: kwa nini damu ya vena ya aliyekula sayanidi huwa nyekundu kama ya ateri?

Wallahu a'lam.