KUPELEKA VYOMBO VIDOGO NG'AMBO KUTENGENEZWA

Wasomaji wetu, yako mambo ambayo mtu hayaulizi mpaka siku yamfikapo, na hili ni moja. Saa aliyoiacha marehemu baba imesimama, au kifaa cha kusikilizia cha mzee kimenyamaza. Fundi wa karibu asema hana kipuri, na mwenye nacho yuko Ulaya. Basi swali ni hili: nani atakichukua kwa gharama nafuu na kukirudisha salama? Twataka kulieleza jambo hili kwa taratibu, asiyejua ajue, na ajuaye akumbuke.

1. Kuuliza kwanza. Kabla ya kufunga kitu, mwandikie mtengenezaji umwulize kama ana wakala wake Dar es Salaam, Nairobi au Johannesburg, maana safari fupi ndiyo nafuu ya kwanza. Kama hana, mtake akuandikie bei ya matengenezo na bei ya kukirudisha. Watu wengi huhesabu nauli ya kwenda tu, wakasahau ya kurudi. Halafu chombo kimekwisha kutengenezwa, nacho kinakaa ng'ambo kwa kukosa nauli.

2. Njia zilizopo. Njia ya kwanza ni Posta. Mwaka 1874 mataifa yalikutana Bern, Uswisi, yakapatana kupokeana barua na kuzifikisha, na mapatano hayo ndiyo msingi wa Umoja wa Posta Duniani. Kwa njia hii kifurushi kidogo kisichozidi kilo 2 chaweza kwenda pamoja na barua, na hiyo kwa kawaida ndiyo njia ya bei ndogo. Lakini usikipeleke bila namba ya kufuatilia, maana kisicho na namba ni vigumu kukidai kikipotea. Namba hiyo huwa na herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka. Kilichotoka Tanzania huishia na TZ. Kwa namba hiyo waweza kuulizia safari yake. Posta ina pia EMS, iendayo kwa haraka zaidi. Njia nyingine ni makampuni kama DHL na FedEx, ambayo hufikisha mzigo kwa siku chache mpaka mlangoni, lakini bei yake huwa kubwa.

3. Kasha. Hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha. Makampuni hayo hayatazami uzito wa mzani peke yake, bali na nafasi inayochukuliwa na kasha katika ndege. Huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, wakagawa kwa 5,000. Jibu likizidi uzito wa mzani, hulipisha kwa jibu hilo. Tufanye hesabu. Saa yenye gramu 300 ikitiwa katika kasha la sentimita 30 kwa 20 kwa 20, jibu ni kilo 2.4. Saa ile ile katika kasha la 20 kwa 15 kwa 10, jibu ni kilo 0.6. Saa ni moja, safari ni moja, lakini wa kwanza amelipia hewa. Basi tafuta kasha dogo gumu, uviringishe chombo kwa kitambaa laini, kisicheze ndani.

4. Hati. Kila kifurushi cha Posta chenye bidhaa hufuatana na hati ya forodha iitwayo CN 22, au CN 23 ikiwa thamani ni kubwa. Andika kweli: "Saa moja ya mkono, iliyotumika, yaenda kutengenezwa na kurudishwa", pamoja na namba iliyochorwa juu yake na thamani yake. Usiandike "zawadi" ili kukwepa ushuru. Huo ni uongo mbele ya sheria, tena siku chombo kitakaporudi utashindwa kuthibitisha kwamba kilikuwa chako tangu mwanzo.

5. Kurudi. Chombo kisicho na ushahidi hupokelewa forodhani kama kipya kilichonunuliwa, kikadaiwa ushuru wa thamani yake yote. Kwa hiyo kabla hakijaondoka, waulize maofisa wa forodha namna ya kukiandikisha, ukipige picha pamoja na namba yake, na uhifadhi stakabadhi zote. Mwambie fundi naye aandike katika hati yake kwamba kinarudi kutoka matengenezo.

6. Betri. Betri za lithiamu zilizo peke yake hazikubaliwi katika posta ya ndege ya kimataifa. Zikiwa ndani ya chombo, uliza kwanza. Na betri inayotoka, itoe ibaki nyumbani.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Nauli ndogo kuliko zote si nafuu ikiwa chombo hakirudi, na mzee aliyepotelewa na kifaa chake cha kusikilizia amepotelewa na mazungumzo ya wajukuu wake. Jumlisha nauli ya kwenda, kazi ya fundi, nauli ya kurudi, bima na ushuru. Ndipo ulinganishe njia na njia, na jumla yote na bei ya chombo kipya. Ninyi walimu na wazee wa vijiji, mkisha kuyasoma haya, wasomeeni na wenzenu.