Mtu Hujikuna Ajipatapo

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, somo letu ni katika hadithi ya Bibi Asma binti Abubakar (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mwanamke mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.): je, ana makosa akijionyesha mbele ya mke mwenziwe kuwa mume amempa kitu ambacho hakumpa? Mtume akamfananisha mwenye kujishibisha kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uwongo.

Baadhi ya wanavyuoni wameeleza kuwa nguo mbili ni shuka ya chini na ya juu, yaani mtu huyo uwongo umemfunika tangu utosi hata nyayo.

Sasa, ndugu zetu, natutazame miji yetu hii ya pwani. Baba ana binti wa kuozwa. Uwezo wake ni sinia ishirini za pilau. Lakini jirani yake alipika mia, basi naye hana budi apike mia. Zamani angekwenda kwa mwenye duka, na angalau angeona haya kurudi mara ya pili. Leo mkopo waombwa kwa simu usiku wa manane, hapana amwonaye, na riba yamngoja asubuhi. Arusi ikapita kwa vigelegele. Mwaka haujesha, minazi aliyoachiwa na babake imekwisha kuuzwa. Wazee wetu walikwisha kusema: kukopa arusi, kulipa matanga.

Deni si jambo dogo. Aliletwa maiti mbele ya Mtume (s.a.w.) ili amsalie, akauliza kama ana deni. Akaambiwa ana dinari tatu, wala hakuacha kitu. Mtume akawaambia masahaba wamsalie wao, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipojitwika deni lile. Ikiwa dinari tatu zilikuwa na uzito huo, itakuwaje deni la sinia themanini zilizoliwa kwa fahari?

Huenda mtu akatwambia: "Nisipofanya, watu watanisema." Kweli, watakusema. Lakini watakusema siku tatu, kisha watapata mwingine wa kumsema. Na hao hao waliokula pilau yako, hapana hata mmoja atakayekulipia senti moja. Wewe mwenyewe wajijua, na Mola wako akujua, unamficha nani?

Dini haikututaka hayo. Yule sahaba fakiri aliambiwa atafute mahari, japo pete ya chuma; alipoikosa, akaozwa kwa Kurani aliyoihifadhi. Na Abdulrahman bin Auf (r.a.) alipooa aliambiwa afanye karamu japo kwa kondoo mmoja. Wala hatusemi watu wawe mabakhili. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Furqan, amewasifu wasiofanya israfu wala ubakhili, bali huwa kati na kati. Mwenye nacho nakishe bila ya kujifaharisha. Asiye nacho asijivike asichokuwa nacho.

Nasi masheikh tuna sehemu yetu katika lawama hii. Twaalikwa, twakalishwa mbele, twala, twaomba dua, kisha twatoka bila ya kuuliza sinia ile imetoka wapi. Kunyamaza kwetu kumewapa watu dhana kuwa jambo hili ni jema.

Basi mwenye arusi mbele yake nafanye hivi. Kwanza, aketi na mkewe na binti yake, wahisabu kilichopo mkononi, si kitarajiwacho. Pili, watoe haki za watu wanaowadai. Tatu, kilichosalia ndicho kipimo cha karamu, hata ikiwa ni kahawa na halua. Mtu hujikuna ajipatapo. Anyooshaye mkono kupita hapo hujitegua bega.

Mwenyezi Mungu atukinaishe na alichoturuzuku. Amin.