Nguo Ina Mwenyewe: Mafunzo Sita Niliyopata Katika Maonyesho ya Kanga

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita nikiandaa maonyesho ya nguo katika makumbusho ya pwani, na nguo niliyoishughulikia kuliko zote ni kanga, au leso kama tuiitavyo Mombasa. Vijana wanaoingia kazi hii leo wana elimu na vifaa ambavyo sisi hatukuvipata. Wanataka kuandaa maonyesho makubwa, na naamini wataweza. Nawaandikia haya ili waanzie pale tulipofika sisi.

1. Mpangilio muulize mvaaji

Maonyesho yangu ya mwanzo yalipangwa kwa miaka na rangi. Kabla ya kufungua milango tukawaalika kina mama wa mtaa waje kutazama. Bibi mmoja alisimama mbele ya kisutu, ile kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, akauliza kwa nini haikuwekwa pamoja na vitu vya harusi. Kisha akazunguka ukumbi mzima akionyesha kwa kidole: hii ya kubebea mtoto, hii ya kuendea matanga, hii ya kumtunza somo, hii ya kushinda nayo jikoni.

Kilichonishangaza ni kwamba mpangilio wake ulikuwa na utaratibu kamili, na ulieleza mambo ambayo wetu haukuyagusa. Tarehe na rangi zina mahali pake kwenye kadi. Ukumbi wenyewe upange kwa shughuli za maisha, na waite wavaaji mapema, kabla misumari haijapigwa ukutani.

2. Mwanga ni deni lisilolipika

Familia moja ilituletea doti ambayo upande wake mmoja ulining'inizwa miaka mingi karibu na dirisha, na wa pili ukalala sandukuni. Tulipozitandaza pande zile mbili mezani, ungedhani hazikutoka kiwandani siku moja. Nyekundu ya upande wa dirishani ilikuwa imepauka ikakaribia rangi ya waridi.

Rangi iliyopauka hairudi. Madhara ya mwanga hujumlishwa: saa 100 chini ya laksi 50 ni sawa na saa 50 chini ya laksi 100. Kipimo kinachotumika sana katika makumbusho kwa nguo ni laksi 50, na dirisha la pwani huleta mwanga mkali kuliko huo mara nyingi sana. Mgeni atokaye juani ataona giza, kwa hiyo mtengenezee ujia unaopunguza mwanga kidogo kidogo, macho yake yazoee kabla hajafika kwenye kabati. Tena kanga imetupa msaada ambao nguo nyingi hazina: doti ni pande mbili zinazofanana. Onyesha mmoja kwa miezi michache huku mwingine umepumzika gizani, kisha zibadilishane.

3. Hewa ya kwetu ina masharti yake

Vitabu vya taaluma hii vingi vimeandikwa katika nchi za baridi, na hupendekeza unyevu wa karibu asilimia 50. Nimefanya kazi katika jengo ambalo viyoyozi vilizimwa kila jioni. Mchana hewa ilikuwa kavu, usiku unyevu wa bahari ukarudi, na nguo zikawa zinatanuka na kusinyaa kila siku. Ninachokitafuta sasa kwanza ni utulivu: hewa isiyobadilika ghafla, yenye mzunguko mzuri, na unyevu usiozidi asilimia 65, maana ukivuka hapo ukungu huota kwa urahisi.

Kumbuka pia kwamba kanga mpya ina wanga, na wanga huita mende na wadudu wengine. Nguo ngeni ifunge kwenye mfuko wa plastiki, iweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, ndipo iingie ghalani. Pini za chuma zipige marufuku kabisa. Chumvi ya hewani huzitia kutu, na doa la kutu halitoki kwa urahisi.

4. Maana haina msemaji mmoja

Nilikuwa nimesimama pembeni ya kanga iliyoandikwa "Mdhaniaye ndiye siye" wageni wawili walipoanza kubishana. Mmoja alipewa na wifi yake wiki ya harusi, na aliipokea kama onyo. Wa pili aliinunua mwenyewe ili kumtetea rafiki aliyesingiziwa. Tuliwaomba ruhusa, tukaandika maelezo yote mawili chini ya nguo ile, na wageni wakawa wanakaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote ukumbini.

Jina la kanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, huchaguliwa na mtu, hupewa mtu, katika siku fulani. Ukipokea kanga, andika ilinunuliwa na nani, kwa ajili ya nani, na kulikuwa na nini siku hiyo. Usipouliza leo, hakuna maabara itakayokujibu kesho.

5. Soma mpaka ukingoni

Kwenye kanga nyingi utaona maandishi madogo: "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Hiyo ni alama ya Kaderdina Hajee Essak, biashara iliyoanza Mombasa mwaka 1887. Ukifuata alama kama hizo utafika mbali, hadi Helmond huko Uholanzi, India na Japani, ambako kanga zilichapwa kwa ajili ya soko letu, na utarudi Dar es Salaam, ambako kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China.

Mstaafu mmoja wa kiwandani aliwahi kutuonyesha mahali rangi zilipopishana kidogo kwenye pindo, akaeleza ipi ilitangulia kuchapwa. Nilikuwa nimeitazama kanga ile kwa miaka bila kuliona hilo. Watafute wachoraji, wachapaji na wenye maduka, na majina yao wakikubali yaandikwe kwa herufi kubwa sawa na za wafadhili.

6. Aliyekuazima anaweza kuihitaji

Katikati ya maonyesho mama mmoja alikuja kuomba kisutu chake. Bintiye alikuwa anaolewa. Wenzangu walitaja mkataba. Mimi niliona kwamba harusi ndiyo kazi ya nguo ile, tukamkabidhi. Pale ilipokuwa tukaweka picha na kadi inayosema imekwenda harusini. Baada ya hapo watu wa mtaa walituletea nguo nyingi kuliko tulivyoweza kupokea.

Basi sharti hilo liandike kwenye mkataba tangu mwanzo: mwenye nguo akiihitaji, ataipata. Na kwa kuwa nguo ya kuazimwa huweza kuondoka, ghala la makumbusho lijenge kwa kununua. Nenda dukani mwezi huu, nunua doti inayotembea mtaani sasa, andika tarehe, bei na duka. Mwaka 2008 Obama aliposhinda uchaguzi, kanga za kumpongeza zilitoka haraka na kuisha haraka. Waliowahi kuzinunua ndio walio nazo.