Nakisoma Kiingereza, kukisikia kunanishinda

SWALI: Mwalimu, niko kidato cha tano, naishi Malindi, Mji Mkongwe. Kitabu cha Kiingereza nakisoma nikakielewa, lakini watalii wakizungumza pale Forodhani naambulia neno mojamoja. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, akili unayo, sikio ndilo halijazoea. Kiswahili kina irabu tano tu, Kiingereza kina zaidi ya kumi. Ndiyo maana "ship" na "sheep" unazisikia sawa, ilhali moja ni meli na nyingine ni kondoo. Tena wenyewe huyaunganisha maneno: "did you" hutoka kama "diju".

Kila siku chukua dakika moja ya habari za BBC za Kiingereza. Mara ya kwanza sikiliza bila kalamu, ya pili andika, ya tatu sahihisha. Dakika moja uliyoichambua yashinda saa nzima ya kusikiliza juujuu.

Katika sarufi, jihadhari pale Kiswahili kinapokuvuta. Kwetu mtu husema "nimemwona jana". Kiingereza, jana ikitajwa, hutaka "I saw", si "I have seen". Na "amekuja" haibagui mwanamume na mwanamke, ila kwa Kiingereza lazima uchague "he" au "she".

Msamiati usiukariri neno pekee. Liandike na jirani yake: si "decision" tu, bali "make a decision". Maneno matano kwa siku yatosha.

Jioni kaa barazani na mwenzio, umsimulie kwa Kiingereza ulivyonunua samaki Darajani. Ukikosea, endelea. Haba na haba hujaza kibaba.