"Mimi Siwezi": Neno Linalodumaza Ndoa



Tunapozungumzia maadui wa ndoa, mara nyingi tunataja ulevi, uzinzi na ugomvi wa fedha. Leo tumtazame adui asiyepiga kelele. Ni neno dogo ambalo mume au mke hulisema moyoni mwake: "Mimi siwezi." Asiyeweza kwa kweli, kwa sababu ya ugonjwa au ulemavu, tunamhurumia na kumsaidia. Lakini wengi wetu tunaweza, ila tumeamini kwamba hatuwezi. Mtu aliyedumaa hivyo huidumaza na nyumba yake.

Neno hili hutoka wapi?

Kwanza, hutokana na maneno tuliyolishwa utotoni. Fikiria msichana wa Magarini aliyeachishwa shule ili karo imsomeshe kaka yake. Aliambiwa kwamba wa kike ni wa kuolewa tu. Leo ni mama karanga. Kila asubuhi hununua samaki ufuoni, huwakaanga, huwauza na kupiga hesabu ya faida kichwani bila kukosea. Hata hivyo, mumewe akimwuliza juu ya kufungua akiba ya nyumba, hujibu: "Mimi sikusoma, mambo ya hesabu siyajui."

Pili, hutokana na kushindwa mara moja. Baba alipanda mahindi, mvua ikakosekana. Aliuza maembe yake, dalali akampunja. Basi akajihukumu kwamba hana bahati, akajikalia mnazini tangu saa nne asubuhi.

Tatu, na hili kwetu ni zito, hutokana na hofu ya kurogwa. Wako wanaoogopa kuezeka mabati, kununua ng'ombe au kumpeleka mtoto chuo, wakisema hasidi atawamaliza. Hofu hii haiishii kwenye umaskini tu. Katika Kilifi wazee wenye mvi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, tena mara nyingine na jamaa zao wenyewe, na wengine waliotuhumiwa wamelazimika kutafuta hifadhi Kaya Godoma, Ganze. Tazameni basi: mtu aliyeamini kwamba maisha yake yamefungwa na mwingine, mwisho humtafuta huyo mwingine amwue. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2116 na 2117, inakataza ramli na uchawi wa kila namna. Mkristo hamwendei mganga kuuliza nani kamfunga.

Mfano wa kwetu

Mwaka 1913 Waingereza waliwadai Wagiriama kodi, tena wakataka vijana wao wakafanye kazi katika mashamba ya wageni. Siku hizo mambo ya kaya yaliamuliwa na wazee wa kiume. Lakini Mekatilili wa Menza, mama ambaye hakuwa msichana tena, alizunguka vijijini akiwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu na kuwahimiza wakatae. Alikamatwa akapelekwa mbali, Kisii, pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola. Mwaka 1914 walitoroka, wakarudi kwa miguu mamia ya kilomita.

Angeweza kusema, "Mimi ni mwanamke tu, nitafanya nini?" Hakusema hivyo. Tena tuangalie kwamba katika safari ile hakuwa peke yake.

Neno la Mungu

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 4, Musa anajitetea mbele ya Mungu kwamba ulimi wake ni mzito. Mungu hakumcheka, wala hakumwachilia abaki alivyo. Alimpa Haruni, ndugu yake, awe msemaji wake. Udhaifu ulikuwa wa kweli. Uongo ulikuwa kudhani kwamba udhaifu ule umemaliza kila kitu.

Ndugu msomaji, katika ndoa Haruni wako ni nani, kama si mwenzako? Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, anafundisha kwamba kazi kubwa ya wanandoa ni kusaidiana kukua, mume azidi kuwa mwanamume kamili na mke azidi kuwa mwanamke kamili. Basi ukimwambia mkeo mbele ya watoto, "Wewe hujui kitu," unampigia msumari mlango ambao Mungu anataka kuufungua. Nawe mama, ukimlinganisha mumeo na shemeji aliyejenga Mtwapa, unafanya vilevile.

Tufanye nini?

1. Litajeni neno lenyewe. Jioni, watoto wakishalala, kila mmoja amweleze mwenzake jambo moja analoamini hawezi, na ni nani aliyemwambia hivyo.

2. Lipimeni kwa matendo. Je, ni kweli? Mama karanga akihesabu faida yake kwa sauti, mumewe ataona kwamba hesabu anaijua.

3. Anzeni na kidogo. Asiyejua kusoma aingie darasa la ngumbaru. Mzee Kimani Maruge alianza darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004, akiwa na miaka 84. Aliyepunjwa na dalali auze pamoja na majirani, wapatane bei kabla ya kuchuma.

4. Sifuni hatua, si mwisho tu. Haba na haba hujaza kibaba.

5. Msigeuze fundisho hili kuwa fimbo. Mke anayepigwa asiambiwe kwamba akijitahidi ataweza kuvumilia. "Siwezi kumwambia mtu mambo ya ndani" nayo ni imani ya uongo. Amwendee paroko, mzee wa jumuiya au chifu, atafute usalama.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

Ni maneno gani ya wazazi wetu ambayo bado yanatufunga? Je, kuna mzee kijijini kwetu anayeogopwa bure, na nani atakuwa wa kwanza kumtembelea? Watoto wetu wanasikia nini kutoka vinywani mwetu: "utaweza" au "hutaweza"?

Ee Mungu, uliyemtuma Musa mwenye ulimi mzito, utujalie tuone wema uliouweka ndani ya wenzi wetu, na tusiwe sisi wa kuuzima. Amina.