Amino Asidi Zinavyovuka Utando wa Seli

Mtahiniwa, swali la mmeng'enyo wa protini huwaangusha wengi mwishoni. Wanaeleza vizuri kazi ya pepsini na tripsini, kisha wanafunga kwa kuandika kwamba "amino asidi husambaa kuingia kwenye damu." Hapo alama hupotea.

Anza na utando wenyewe. Utando wa seli ni tabaka mbili za lipidi zenye protini zilizopachikwa ndani yake. Oksijeni hupenya lipidi bila shida. Amino asidi hushindwa, kwa sababu katika majimaji ya mwili huwa na chaji chanya upande mmoja na chaji hasi upande mwingine. Hupatana na maji, hukataliwa na mafuta. Kwa hiyo huhitaji protini bebaji. Kila bebaji hupokea kundi lake: zipo za amino asidi zenye chaji chanya kama laisini, na zipo za zile ambazo chaji zake zimelingana. Bebaji ni kama siti za daladala. Zikishajaa, kuongeza abiria kituoni hakuongezi wanaosafiri. Ndiyo sababu kwenye grafu kasi ya ufyonzwaji hupanda, kisha mstari hulala.

Sasa soma polepole, maana hapa ndipo penye kazi. Amino asidi huendelea kuingia katika seli za utumbo mdogo hata pale ukolezi wake ndani ya seli unapozidi ule wa nje. Msambao hauwezi kufanya hivyo. Nishati inatoka wapi?

Upande wa seli unaoelekea damu kuna pampu ya sodiamu na potasiamu. Kwa kila molekuli 1 ya ATP, pampu hutoa nje ioni 3 za sodiamu na kuingiza ioni 2 za potasiamu. Sodiamu ndani ya seli hubaki kidogo. Upande wa pili, kwenye uwazi wa utumbo, sodiamu ni nyingi na huelekea kuingia. Bebaji huipitisha pamoja na amino asidi. Sodiamu inateremka mlima, na mteremko huo ndio unaoipandisha amino asidi. Angalia vizuri: ATP haikutumika kwenye bebaji hiyo, ilitumika kwenye pampu. Huu huitwa usafirishaji amilifu wa pili.

Upande wa damu amino asidi hutoka kwa bebaji nyingine, huingia kapilari na kupelekwa kwenye ini kwa vena ya potali. (Usiipeleke kwenye mishipa ya limfu, hiyo ni njia ya mafuta.) Figo nazo hutumia mbinu ileile kurudisha kwenye damu karibu amino asidi zote zilizochujwa.

Pampu ikizibwa, yote husimama. Miti ya jamii ya Acokanthera, ambayo Wagiriama na Wakamba walichemsha kupata sumu ya mishale, ina uabaini, kemikali inayozuia pampu hiyohiyo. Pampu yenyewe ilielezwa mwaka 1957 na Jens Skou wa Denmark, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997.

Bebaji nayo huweza kuwa na hitilafu ya kurithi. Katika ugonjwa wa Hartnup, ulioelezwa Uingereza mwaka 1956, triptofani na wenzake hawafyonzwi vizuri na hupotea kwenye mkojo. Mwili hutumia triptofani kutengeneza niasini, hivyo mgonjwa anaweza kupata vipele vya ngozi kama vya pelagra anapopigwa na jua. Hata hivyo wengi wenye hitilafu hiyo hawaugui, kwa kuwa utumbo hufyonza pia vipande vya amino asidi mbili au tatu kwa bebaji nyingine, inayoendeshwa na ioni za haidrojeni.

Swali la mfano: Kipande hai cha utumbo mdogo wa panya kilifyonza amino asidi kwa kasi. Kilipowekewa sumu inayozuia upumuaji wa seli, kasi ilishuka sana. Eleza. (alama 4)

Jibu: Upumuaji ukizuiwa, ATP haitengenezwi ya kutosha (1). Pampu hushindwa kutoa sodiamu nje ya seli (1). Tofauti ya ukolezi wa sodiamu kati ya nje na ndani hupungua (1). Bebaji hukosa nguvu ya kuingiza amino asidi dhidi ya ukolezi wake (1).