Onyo ni Mlango wa Rehema

Yapasa kujulikana ya kuwa onyo la Mwenyezi Mungu ni mlango wa rehema. Katika vitabu vya Mayahudi yasimuliwa kuwa Nabii Yunus (a.s.) aliwaonya watu wa Ninawi, karibu na Mosul ya leo, kwamba zimesalia siku 40 mji uangamie. Wakatubu, tangu mfalme hata mnyonge, adhabu ikaondolewa. Nayo Kurani Tukufu yathibitisha: waliamini, wakastareheshwa kwa muda.

Neno hilo, muda, ni zito. Nahumu, ahesabiwaye na Mayahudi kuwa nabii, alitangaza maangamizi ya mji huo huo, nao ukabomolewa mwaka 612 kabla ya Nabii Isa (a.s.).

Basi toba iliyomwokoa baba haimwokoi mwana aliyerejea uovuni. Wallahu aalam.